Maiki yako haijafa, ni waya: maneno ya kaka kwa madogo wanaoanza kazi ya saundi Dar

Kila baada ya muda lazima dogo mmoja anitafute, kaka maiki yangu imekufa nisaidie, namwambia njoo nayo geto tuicheki, anakuja na maiki nzima kabisa ila waya ndo marehemu. Sasa kabla hujaanza kukopa hela ya maiki mpya shika hili kwanza, kwenye hii kazi yetu ya kurekodi sauti nje vinavyokufa sana sio vile vya bei mbaya, ni waya, na kwenye waya wenyewe ni zile sentimita mbili za mwisho pale unapoingia kwenye plagi. Pale ndo unapopindwa, unapovutwa, unapokanyagwa na mtu wa taa, unapokunjwa mbio mbio mvua ikianza. Na pale unaweza kupatengeneza mwenyewe sebuleni kwa nusu saa.

Mi nimejifunza kwa kuumia. Tulikuwa Kigamboni ufukweni, mwezi wa saba, kusi linapiga kisawasawa, tunamrekodi mzee mmoja mvuvi anasimulia jinsi ngalawa ilivyowapindukia. Kwenye hedifoni nasikia krrr, kidogo tu, mara moja moja, nikajiambia huo ni upepo, nikabana manyoya ya kuzuia upepo kwenye maiki vizuri tukaendelea. Usiku nasikiliza nyumbani, daah, upepo wapi, ni waya, na ule waya niliulehemu mwenyewe siku mbili kabla, nikaupenda mpaka nikaupiga picha nikaweka status. Nafungua plagi, risasi ya kulehemu kwenye pini namba 3 imekaa kama tone la uji uliopoa, kijivu, haing'ai, ukigusa kwa ukucha waya unacheza ndani yake. Tulirudi kwa mzee wiki iliyofuata, nauli na soda za watu mfukoni kwangu, na stori alisimulia tena lakini ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi, hiyo hairudi.

Kosa langu lilikuwa moja, niliyeyusha risasi kwenye ncha ya soldaringi, ile pasi ya kulehemu, halafu nikaipaka kwenye pini kama mtu anapaka siagi mkate. Haishiki hivyo. Unatakiwa uipashe moto pini na waya kwa pamoja, ncha iguse vyote viwili, hesabu moja mbili tatu, ndo ulete risasi upande wa pili, ikiwa pamoto itajinyonya yenyewe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Ukitoa soldaringi usitikise, usipulize, acha igande. Ikiwa poa inang'aa na unaona umbo la waya ndani yake, ikiwa bonge la duara haijashika hiyo, rudia.

Soldaringi tafuta ile yenye kitufe cha kuzungusha joto, Kariakoo zipo kwenye maduka ya vifaa vya mafundi simu, weka 350 hivi. Ile ya bei chee unayochomeka tu ukutani joto lake halina mwenyewe, inayeyusha plastiki ya kiunganishi pini zinalala upande. Risasi chukua ya 60/40 yenye flaksi ndani yake, ile dawa inayosaidia risasi ishike, inayeyuka kwenye nyuzi 183 mpaka 190 hivi, rahisi kwa anayeanza. Na flaksi ya asidi, ile ya watu wa mabomba na rejeta, usiiguse, niliwahi kumpelekea fundi mmoja waya akatumia hiyo, miezi miwili baadaye nafungua shaba yote imekuwa kijani, na hii hewa yetu ya chumvi ndo inamalizia. Halafu fungua dirisha, na nawa mikono kabla hujala, ile ina madini ya risasi kweli, ni sumu.

Plagi ya XLR, ile nene ya duara ya waya wa maiki, ina pini tatu: 1 ni ile shaba ya nje iliyosukwa inayozuia makelele, 2 ni moto, 3 ni baridi, yaani waya mbili zinazobeba sauti moja ila kinyume, na ni hivyo hivyo ncha zote mbili. Mtego uko hapa, ukiitazama plagi kwa mbele na ukiitazama kwa nyuma unapolehemu, namba zinageuka kama kwenye kioo, na dume na jike nazo zimegeukana, kwahiyo picha uliyoiona kwenye simu inaweza ikakupoteza vizuri sana. Soma namba zilizoandikwa kwenye plastiki yenyewe pembeni ya pini, ni ndogo, washa tochi. Ukigeuza 2 na 3 ncha moja tu, maiki itafanya kazi na utajiona mjanja, mpaka siku unaweka maiki mbili kwa mtu mmoja, unazichanganya, sauti inakuwa nyembamba kama ya redio ya mbao.

Na waya unaongea ukiujua. Ukisikia mmm ya umeme, ile ya 50 Hz, anza kukagua pini 1. Sauti ikiwa ndogo na nyembamba ghafla, mara nyingi 2 au 3 imekatika, au maiki ya fantomu, ile inayopata umeme kupitia waya huo huo, inagoma kabisa. Krrr na pa! ukiutikisa, kuna kitu kinashika kinaachia. Nunua multimita, ya kawaida tu inatosha, weka kwenye ile ya mlio, 1 kwa 1 ilie, 2 kwa 2 ilie, 3 kwa 3 ilie, halafu 1 na 2, 2 na 3, 1 na 3 zisilie, na wakati unapima uupinde pinde waya karibu na plagi maana ukiwa umelala mezani unakuwa na adabu sana. Ukikuta umekatika usianze kuunga unga na solotepu, kata sentimita tano tupa huko, funga plagi upya. Na tafadhali msizungushie waya kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo.

Maiki za kifuani, zile ndogo, zinawasumbua wengi kwasababu unakuta waya mwembamba kama nywele, mwekundu, kijani, wa shaba, unalehemu risasi haishiki unadhani umerogwa. Ile rangi ni vanishi, ndo inayozuia waya zisigusane. Weka tone la risasi ya moto sana kwenye ncha ya soldaringi, panda mpaka 400, chovya waya humo sekunde chache vanishi iungue, utaona ncha imekuwa ya fedha. Ndani utakuta pia nyuzi kama za kushonea, wengi wanazikata, usizikate, zifunge fundo kwenye ile sehemu ya kubana waya ndani ya plagi ili mtu akivuta uvutike uzi, shaba ibaki salama. Na jeki yenye mistari mitatu ni ya simu, yenye miwili ni ya kamera, nimeona watu wanatengeneza waya mzima kumbe jeki tu ndo siyo yake.

Haya tuje kwenye upepo, maana Dar bila kuuelewa upepo huna kazi, ukitoka nje kidogo tu ufukwe wa Coco au Feri unakutana nao. Kinachozuia upepo sio unene wa kitambaa, ni hewa iliyotulia kuizunguka maiki. Ndo maana ile sponji inayobana maiki moja kwa moja inasaidia ndani ya nyumba na kwa upepo mdogo tu, ila ukiijengea maiki kijumba ikaning'inia katikati haigusi ukuta, halafu juu yake manyoya, unapata utulivu wa ajabu. Kijumba changu cha kwanza nilitengeneza kwa vile vikombe vya waya vya kuwekea kalamu mezani, viwili vitatu, nikakata vitako nikaviunga, nikavalisha soksi ndefu za kike, na maiki ikakaa kwenye mipira ya kubania nywele iliyovutwa kama bembea. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande nayo inafaa, ila inagumuka na jua.

Manyoya, sikilizeni, msiagize nje. Nendeni soko la Karume kwenye mitumba asubuhi wakati wanafungua mabelo, ulizia majaketi ya baridi ya watoto yenye manyoya kwenye kofia, au midoli mikubwa. Mi changu kilikuwa dubu mmoja wa rangi ya ugoro, alitazamwa na mama muuzaji kwa huruma nilipomwambia namtaka ngozi tu. Sasa sio manyoya yote yanafaa. Geuza upande wa nyuma, unyanyue kwenye mwanga wa jua, ukiona vitundu vya mfumo wa kitambaa mwanga unapita, chukua. Ukiona nyuma kumepakwa kitu kama mpira au gundi, acha, kitaziba upepo ndio lakini kitaziba na sauti pia. Nyumbani pima hivi: rekodi mtu anatikisa funguo mita moja kutoka kwenye maiki bila manyoya, halafu na manyoya. Ule mlio wa juu wa funguo ukipungua kidogo ni sawa, ukipotea ukabaki mlio wa funguo za mti, mrudishe dubu kwa mama yake. Nywele ziwe ndefu, zichane na kitana cha kawaida kila baada ya kazi, na fundi cherehani mwambie mshono uwe kwa ndani na chini.

Fimbo ya bumu, ile ndefu ya kuning'inizia maiki juu ya mtu, wala sitaongea sana. Ile fimbo ya kuvuta ya mafundi rangi inafaa kuanzia, imevalishe sponji pale unaposhika maana aluminiamu inabeba kila mguso wa kidole mpaka kwenye maiki. Tatizo ni nyuzi za skrubu kule juu, bumu nyingi ni 3/8 ya inchi, nyuzi 16 kwa inchi, nenda kwa wauza boliti wa mtaa wa Gerezani na kishikio chako cha maiki mkononi, jaribu boliti palepale, usiende kwa kukumbuka.

Umeme ndo sehemu niliyochoma kitu cha watu. Kinasa sauti cha kuazima, Zoom F8, ile sehemu yake ya umeme ya Hirose ya pini nne inataka volti 9 mpaka 18, na hasi ni pini 1 na chanya ni pini 4. Nikatengeneza waya wangu kutoka kwenye betri ya volti 12, nikiangalia mchoro, na mchoro ulikuwa wa kiunganishi kwa mbele, mi nalehemu kwa nyuma. Mtego ule ule wa kioo. Harufu niliyoisikia sitaisahau, na yule mwenye kinasa nilimlipa kwa kazi nne. Toka siku hiyo waya wowote wa umeme ninaotengeneza napima kwa multimita mara mbili kabla haujagusa mashine, ncha nyeusi kwenye hasi, nyekundu kwenye chanya, ikiandika alama ya kutoa mbele ya namba umegeuza. Na naweka fyuzi ndogo karibu na betri. Mjue pia betri za NP-F, zile za kamera, ni volti 7.2, hata ikijaa ni 8.4, haifiki hiyo 9, kwahiyo moja peke yake kwa njia hiyo huna chako mpaka uweke kifaa cha kupandisha. Wanaotaka kuunga seli za lithiamu zilizotolewa kwenye laptopu mbovu bila ile saketi ya kuzilinda, mi simo, begi linakaa mgongoni kwenye bodaboda hilo.

Unyevu nao. Ukitoka kwenye gari lenye eisii ukafungua maiki nje saa saba mchana, unyevu unageuka matone ya maji ndani na maiki nyingi za kondensa, zile zinazotaka umeme, zinaanza kutapika vichakacho. Maiki ya Sennheiser MKH 416 inavumilia zaidi kwasababu ya mfumo wake wa RF, yaani wa masafa ya redio, na ndo maana wazee wanaing'ang'ania, ila kama huna hiyo acha begi limefungwa nje ya gari dakika ishirini lizoee joto ndo ufungue. Vile vipakiti vya silika kwenye maboksi ya viatu vipya usitupe, weka kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, vilale humo na maiki.

Vya kutofungua: kichwa cha maiki chenyewe, ule utando hata pumzi yako ni uchafu kwake, na transmita za waya-lesi, zile za maiki zisizo na waya. Hizo peleka kwa mtu mwenye vipimo. Na mafuta ya WD-40 sio dawa ya kusafishia jeki, tumia spiriti ya isopropili na mswaki wa zamani.

La mwisho la kiutendaji, ulichotengeneza leo hakiendi kazini kesho. Kiunganishe nyumbani, vaa hedifoni, pandisha sauti, kaa nacho lisaa lizima kinarekodi huku unaangalia mpira, kitikise, kivute, kipinde. Na kabla hujawasha soldaringi hakikisha kile kikofia cha nyuma cha plagi umeshakipitisha kwenye waya, maana ukishamaliza kulehemu pini zote tatu, zinang'aa, umefurahi, ndo unakiona kimekaa mezani kinakutazama, na inabidi ubomoe yote uanze upya. Juzi Jumanne nimebomoa mbili.