Fundi wa Sauti Anajibu: Amplifaya ya valvu, ya nyumbani na ya jukwaani

Fundi, pole na kazi. Napiga gitaa kanisani hapa Jinja, na Jumamosi nina bendi na vijana wenzangu, tunapiga kwenye harusi na kwanjula (sherehe ya kutambulisha wachumba kwa familia ya bibi harusi). Napenda sauti yenye kukwaruza kidogo, kama ya bluzi za zamani. Nimeweka akiba ya amplifaya ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti badala ya transista, na nimebakiwa na nne kichwani: Fender Twin Reverb, Deluxe Reverb, Blues Junior na Vox AC15. Naishi nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga. Wenzangu wanasema nichukue Twin kwa sababu ndiyo yenye nguvu. Wewe unasemaje? (Mpiga gitaa, Jinja)

Kaka, Twin iache. Ni amplifaya nzuri sana, lakini si yako. Ina wati 85, spika mbili za inchi 12, na uzito wa karibu kilo 29. Kwenye boda utaipakiaje? Na chumbani kwako utaifungua mpaka namba moja na nusu, mtoto wa jirani ataamka, na wewe hutakuwa umesikia hata robo ya kile ulichokilipia.

Watu huhesabu wati kama wanavyohesabu lita za maziwa, kwamba nne ni mara mbili ya mbili. Sikio halihesabu hivyo. Ili sauti isikike maradufu unahitaji kama mara kumi ya wati ulizokuwa nazo. Kwa hiyo Twin ya wati 85 haishindi Deluxe Reverb ya wati 22 mara nne. Kwa sikio inaizidi kama mara moja na nusu tu. Kinachoongezeka hasa ni uwezo wa kubaki safi unapofungua sauti. Mpiga jazi kwenye ukumbi mkubwa asiyewekewa maiki anauhitaji uwezo huo. Wewe kwenye hema la kwanjula una spika za MC zimesimama pale pale.

Utamu wa valvu uko mahali pengine. Zile valvu kubwa za mwisho zikisukumwa karibu na kikomo chake, sauti haiongezeki tena, inajaa. Noti inabanwa kidogo inapoanza, halafu inachanua. Ukipunguza mkono inasafika yenyewe, ukikaza inakwaruza, na hujagusa pedali wala nobu yoyote. Ndiyo maana watu bado wanabeba masanduku haya mazito wakati kuna vidude vya mfukoni. Lakini valvu lazima zifanyishwe kazi. Kwa hiyo jiulize: kwa sauti ninayopiga saa nyingi zaidi katika wiki, hii amplifaya itakuwa macho au itakuwa imelala? Wewe saa nyingi uko chumbani. Jukwaa ni Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi.

Sasa tuzipime tatu zilizobaki. Deluxe Reverb ilitoka 1963, na mpaka leo naiona ndiyo amplifaya ya kazi iliyopimwa vizuri kuliko zote: valvu mbili za 6V6, spika moja ya inchi 12, kilo 19 hivi, mwangwi wa springi na tremolo. Huanza kujaa nobu ikifika nne au tano. Tatizo ni kwamba haina nobu ya sauti kuu, kwa hiyo kuifikisha hapo ni lazima upige kelele kwelikweli. Kwenye bendi yenye dramu ni sawa kabisa. Ndani ya nyumba ya kupanga utaisikia ikiwa safi tu, na wewe umesema unataka mkwaruzo.

Blues Junior ni nyepesi, kama kilo 14, ina wati 15, valvu mbili za EL84, na ina nobu ya sauti kuu. Ukiwa mtu wa kupanda taksi na gitaa mgongoni, inakufaa. Mimi sanduku lake dogo hunichosha: besi inabanwa, kama vile mtu ameweka mkono mbele ya spika. Wapo wasioliona hilo, na sigombani nao. Nenda ukaisikie kwa masikio yako.

AC15 asili yake ni Uingereza, 1958, mwaka mmoja kabla ya AC30. Nayo hutumia EL84 mbili na hutoa wati 15. Inayouzwa sasa, AC15C1, ina spika ya inchi 12, mwangwi, tremolo na nobu ya sauti kuu. Sauti yake inalia katikati na juu, inapita kwenye kinanda na kwaya bila kugombana nao. Ukifungua sauti ya chaneli na kubana ile kuu, valvu ndogo za mwanzo ndizo zinazokwaruza, na jirani analala. Si sawasawa na valvu kubwa zikikaza, lakini ni raha ya kila siku. Ningekuwa wewe, ningechukua hii. Ubaya wake ni uzito, zaidi ya kilo 20, kwa hiyo patana na rafiki mwenye gari.

Jukwaani usishindane na dramu. Iweke juu ya kiti au kreti ya soda, uiinamishe kidogo nyuma ili spika itazame masikio yako badala ya magoti. Weka maiki ya Shure SM57, ambayo iko sokoni tangu 1965 na bado hakuna anayeona haja ya kuibadilisha, vidole viwili kutoka kitambaa cha mbele. Usiielekeze katikati ya koni. Isogeze kuelekea ukingoni mpaka ule ukali wa kuchoma sikio upungue. Kazi iliyobaki ni ya spika za ukumbi. Wati 15 zenye maiki nzuri zinajaza kanisa lolote la Jinja.

Fundi, shikamoo. Shemeji yangu yuko Boston na amenipatia Fender Deluxe Reverb aliyoinunua huko huko. Inakuja mwezi ujao. Nikiikata plagi na kufunga yetu ya pini tatu itafanya kazi? (Msomaji, Arua)

Marahaba, ndugu yangu, na nakuomba: usiiguse soketi kabla hujamaliza kusoma hapa. Amplifaya ya soko la Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Ukutani kwetu kuna volti 240. Plagi haibadilishi chochote. Ukiichomeka, fyuzi itakatika mara moja ukibahatika.

Nasema ukibahatika kwa sababu nimeletewa moja mezani ambayo fyuzi yake ilikuwa imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Mwenyewe aliona fyuzi zinamsumbua, kila akiweka mpya inakufa. Nilipofungua nyuma, harufu ilitangulia, ile ya vanishi iliyoungua ambayo haitoki chumbani hata ukifungua madirisha. Transfoma ya umeme ilikuwa imevimba upande mmoja, na nta nyeusi ilikuwa imechuruzika hadi kwenye soketi za valvu. Fyuzi ilikuwa inamwambia ukweli. Ukiona fyuzi inakufa, nunua ya namba ile ile iliyoandikwa nyuma, na ikifa tena mwite fundi.

Unazo njia mbili. Ya kwanza ni transfoma ya kushusha volti. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya yako, kisha tafuta transfoma yenye angalau mara mbili ya hizo, maana zile ndogo za kuchajia simu zitachemka. Nyingi hushusha hadi 110 badala ya 120. Hilo halina madhara makubwa, na siku umeme wenu unapopanda huenda likakusaidia. Jambo la kukagua kwa macho yako ni waya wa ardhi. Nyingi za bei rahisi zina tundu la pini mbili tu upande wa Marekani, na pale ardhi inaishia. Gitaa lako lina nyuzi za chuma, na maiki ya kuimbia iko mdomoni. Kukiwa na hitilafu ndani ya amplifaya isiyo na ardhi, umeme utapita kwenye mikono na midomo yako. Tafuta yenye pini tatu pande zote mbili, na mwambie fundi athibitishe kwa mita kwamba ardhi inafika mpaka kwenye chesisi, ile fremu ya chuma ya ndani.

Kuna na jambo la herzi. Marekani umeme ni herzi 60, kwetu ni 50, na kushusha volti hakubadilishi herzi. Transfoma iliyopimwa kwa 60 pekee huchemka zaidi kwa 50. Nyingine huvumilia, nyingine hazivumilii. Baada ya saa moja ya kupiga, zima, chomoa, kisha weka kiganja juu ya kifuniko cha transfoma. Ukishindwa kukiacha hapo, usiendelee nayo hivyo.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda: fundi aondoe transfoma ya 120 na kufunga ya 240 iliyotengenezwa kwa modeli hiyo. Ni gharama, lakini unaachana na lile sanduku la pembeni maisha yote.

Kwa vyovyote vile, nunua stabilaiza. Na mkienda kupiga kwenye jenereta, subiri jenereta itulie na mitambo ya MC iwashwe kwanza, pima soketi kwa mita, ndipo uchomeke. Jenereta ndogo huruka volti mzigo unapoingia na kutoka, na valvu hazipendi hilo hata kidogo.

Fundi, mimi ni dada napiga mi-solo (gitaa la kati, baina ya ridhimu na solo) kwenye bendi ya rumba hapa Kampala. Vijana wananicheka kwamba bila valvu sauti yangu si ya kweli. Ni lazima ninunue? (Mpiga mi-solo, Kabalagala)

Si lazima, dada yangu. Sebeni, ile sehemu ya rumba ya kuchezea ambapo magitaa hutawala, inataka noti zinazometa, zilizotengana, zisizoshikana hata mkono ukienda mbio. Roland JC-120 ni amplifaya ya transista tupu, haina valvu, iko tangu 1975, ina wati 120 na spika mbili za inchi 12, na usafi wake ndio unaopendwa na wapigaji wengi wa muziki wa aina yako. Ukikuta valvu inayobaki safi kwa sauti ya bendi yenu, Twin kwa mfano, nayo itakufaa vizuri. Lakini pesa yako ya kwanza itie kwenye pikapu nzuri ya gitaa (ile sumaku inayonasa mlio wa nyuzi) na nyuzi mpya.

Fundi, Jumamosi nakuja Kampala kuiona AC30 ya mtumba. Nikague nini kabla ya kutoa hela? (Msomaji, Mbale)

Fika mapema na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Unataka kuiona ikiwaka kutoka baridi. Kwanza soma nyuma: volti ngapi, omu (kipimo cha ukinzani wa spika) ngapi. Hakikisha spika imeunganishwa na omu zinalingana na tundu ilimochomekwa. Amplifaya ya valvu ikiwashwa na kupigwa bila spika inaweza kuua transfoma ya kutolea sauti, na hiyo ni moja ya sehemu za gharama kubwa mle ndani.

Washa, iache kwenye swichi ya kusubiri (standby) kwa dakika moja au mbili, kisha fungua. Mvumo mdogo ni kawaida. Mvumo mzito unaobaki hata sauti zote zikiwa sifuri mara nyingi ni kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) zilizozeeka. Zinabadilishika, ila punguza bei. Chungulia valvu nne za EL84 kwa nyuma: mwanga wa rangi ya chungwa ndani ni sawa, lakini bati la ndani likiwa jekundu, zima papo hapo.

Kisha toa penseli. Sauti iwe nusu, gitaa lichomolewe, na kwa upande wa kifutio gonga taratibu valvu ndogo moja baada ya nyingine. Nzuri itatoa "tok" hafifu. Mbovu italia kama kengele, au itaanza kupiga mluzi. Hizo ndogo, 12AX7, hazina gharama kubwa, kwa hiyo usiikatae amplifaya kwa sababu ya moja. Piga noti ya chini, iache ife yenyewe, na usikilize kama kuna kitu kinachotetemeka ndani ya sanduku. Zungusha kila nobu. Mkwaruzo wa vumbi unasafishika.

Usiingize mkono ndani. Mle kuna volti zaidi ya 300, na kapasita hushikilia umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua kuzitoa chaji.

Ukiridhika, uliza habari za valvu za akiba kabla hujaondoka, maana hapa nchini hazipatikani kila duka. Zinazotengenezwa sasa zinatoka sehemu chache duniani, hasa Slovakia, Urusi na China, na mwaka 2022 usafirishaji kutoka Urusi ulipoyumba, wapiga gitaa wa dunia nzima waligombania zilizobaki madukani. AC30 hujirekebishia bayasi (umeme unaopanga valvu ifanye kazi kiasi gani) yenyewe, kwa hiyo unaweza kubadilisha zile EL84 bila kupima, mradi ununue nne zilizolinganishwa pamoja. Mwenye Deluxe Reverb akibadilisha 6V6 apeleke kwa fundi apimiwe bayasi. Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka nje, mwagize seti moja ya nne kubwa na 12AX7 mbili, azibebe kwenye begi la mkononi ndani ya maboksi yake, asizitie kwenye mzigo wa chini.