Je, ganda la risasi linaweza kumtaja aliyefyatua?

Swali: Nimesikia kwamba jimbo la California, Marekani, linataka kila bastola mpya ichape namba yake kwenye ganda la risasi. Je, jambo hilo linawezekana kweli, na mhalifu si ataisugua chapa hiyo kwa tupa?

Jibu: Ndugu msomaji, linawezekana, ingawa si kwa wepesi unaosimuliwa na watetezi wake. Chapa huchongwa kwa leza kwenye ncha ya pini inayogonga kitako cha risasi, na bastola inapofyatuliwa, ncha hiyo huacha herufi na tarakimu juu ya fataki, kile kiduara laini kilicho katikati ya kitako. Kwa macho matupu utaona kishimo tu. Chini ya hadubini utasoma maandishi ndani yake, wakati mwingine yakiwa safi, wakati mwingine tarakimu mbili tatu zikiwa zimefifia, kwa kuwa ugumu wa fataki hutofautiana na ncha ya pini huliwa kadiri inavyotumika.

Tupa huweza kuiondoa chapa, na pini yenyewe hubadilishwa. Hata hivyo, namba ya kwenye fremu, yaani kiunzi cha bastola, nayo husuguliwa tangu zamani, na hakuna kiwanda kilichoacha kuiweka kwa sababu hiyo, kwa hiyo hoja ya tupa mimi naiona dhaifu.

Faida yake ni hii: tunapolinganisha kwa njia ya kawaida mikwaruzo ambayo bastola huiacha kwenye ganda, tunahitaji tuwe na bastola inayoshukiwa, au ganda jingine lililotoka katika bastola hiyo hiyo, ilhali chapa humpa mpelelezi namba siku ile ile hata kama silaha imeshatupwa mtoni. Namba hiyo, lakini, humfikisha kwa mnunuzi wa kwanza aliyeandikwa dukani, naye huenda aliibiwa. Tena revolva, bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, haitemi maganda, na ganda lililookotwa kwenye uwanja wa kulenga shabaha laweza kudondoshwa makusudi mahali pa tukio. Kwa sababu hizo nasisitiza kwamba chapa ni mwanzo wa upelelezi, na kumtia mtu hatiani kwa chapa peke yake kungekuwa dhuluma.

Sheria ya California ilitiwa saini mwaka 2007, ikaanza kutekelezwa mwaka 2013. Watengenezaji walisema haitekelezeki na hawakuleta sokoni bastola yenye chapa, hata aina mpya za bastola za kujipakia zikakosa kuidhinishwa jimboni kwa takriban miaka kumi, mpaka jaji wa shirikisho alipousimamisha utekelezaji wa sharti hilo Machi 2023. Mwaka huo huo jimbo lilipitisha sheria nyingine ya chapa, inayowalenga wauzaji wenye leseni kuanzia mwaka 2028. Bastola ambazo tayari zimo mikononi mwa watu hazina chapa, na maganda yake tutaendelea kuyasoma kwa mikwaruzo kwa miaka mingi.