Saikolojia ya masimulizi katika uhakiki wa riwaya: maswali yenu

Ina tofauti gani na uhakiki wa Freud?

Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, hutafuta kilichozikwa chini ya maneno. Saikolojia ya masimulizi, yaani uchunguzi wa jinsi watu wanavyoyapa maisha yao maana kwa kuyasimulia, ilivuma kwa kitabu alichohariri mwanasaikolojia Theodore Sarbin mwaka 1986. Yenyewe hutazama usimulizi: mtu ameanzia wapi, ameruka nini, amefungaje.

Naandika tasnifu juu ya *Kichwamaji* ya Kezilahabi. Nianzie wapi?

Usianze na riwaya nzima. Chagua vipande vitano au sita ambamo Kazimoto, anayesimulia kwa nafsi ya kwanza, anakumbuka au anajieleza. Kila kimoja kigawe kwa mpangilio wa sehemu za simulizi wa Labov na Waletzky (1967), ambao Labov aliuongezea muhtasari mwaka 1972: muhtasari, mandhari, mgogoro, tathmini, utatuzi, na kurejea wakati wa kusimulia. Si lazima zote sita ziwepo. Tulia kwenye tathmini, yaani pale msimulizi anapoacha kusogeza tukio ili aseme lina maana gani kwake. Wengi huiruka kwa kuwa haina tukio, na tasnifu inageuka kuwa ufupisho wa hadithi.

Kisha kila kipande kitie alama za mwanasaikolojia Dan McAdams: baya lililozaa jema, au jema lililoharibika. Mwombe mwenzako aweke zake bila kuona zako. Mkipishana mara nyingi, fasili zako zimelegea. Ziandike upya, kila moja na mfano wa kinachoingia na kisichoingia, kisha mrudie.

Msimamizi anasema nimemchanganya mwandishi na mhusika.

Msikilize. Kazimoto hana utoto nje ya kurasa, na maneno yake si ushahidi wa nafsi ya Kezilahabi. Ukitaka maisha ya mwandishi, soma tawasifu, mathalani *Maisha Yangu* ya Shaaban Robert. Hata humo utakutana na nafsi aliyochagua kuisimulia.

Na *Rosa Mistika*, riwaya nyingine ya Kezilahabi?

Inafaa, ila swali linabadilika. Rosa anapigwa na baba yake, Zakaria, kwa ajili ya barua ya mvulana. Yanayompata baadaye yanasomeka kama matunda ya ukali ule. Fundo hilo la chanzo na matokeo limefungwa zaidi na msimulizi wa nafsi ya tatu kuliko Rosa. Chora safu mbili: maelezo ya msimulizi huku, maneno ya Rosa kule. Ndipo uulize nani anayapa maisha yake maana.

Alama za McAdams zinatufaa?

Kwa tahadhari. Zilitokana hasa na simulizi za Wamarekani, ambao hupenda kisa cha aliyeanguka akainuka. Mhusika asiyeinuka usimhesabie kasoro.