Uzi ndani ya fistula ya njia ya haja kubwa unafanya kazi gani?

Swali: Daktari, shikamoo. Mwaka jana niliota jipu kando ya njia ya haja kubwa, likapasuliwa, nikaona nimepona. Baadaye pakatokea kitundu palepale. Kikiziba panavimba na kuuma, kikipasuka kinatoa usaha, nafuu inarudi. Nimeshameza dozi tatu za antibaiotiki. Sasa daktari wa upasuaji anasema ni fistula na ataniwekea uzi utakaokaa wiki kadhaa. Uzi wa nini? Na nitaweza kuzuia haja baada ya hapo?

Jibu: Marahaba. Hicho kitundu unachokiona ni mlango wa nje tu. Mlango wa pili uko ndani ya mkundu, penye vitezi vidogo vya ute. Kitezi kimoja kikiziba, bakteria huzaliana, usaha unakusanyika na kujitafutia njia ya kutokea; ndilo lile jipu lako. Wengi wakishapasuliwa jipu hupona moja kwa moja. Kwa wengine njia ile ya usaha haifungi, inabaki kama handaki kati ya milango hiyo miwili; hiyo ndiyo fistula.

Ndiyo maana antibaiotiki hazikukusaidia. Zinapunguza maambukizi yaliyosambaa kwenye nyama za jirani, na zina nafasi yake kama una homa, kisukari au kinga dhaifu, lakini hazifungi handaki ambalo kila siku linaingiziwa uchafu kutoka ndani. Dozi ya nne usiinunue.

Hofu yako ya kushindwa kuzuia haja ni ya haki, na ndiyo inayomwongoza daktari wako. Mkundu umezungukwa na misuli miwili ya mviringo: wa ndani unajibana wenyewe, wa nje tunaubana kwa hiari. Handaki likipita chini, likagusa msuli kidogo tu, tunalipasua kwa urefu wake wote na kuliacha wazi lijae nyama kuanzia chini. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hupona kwa njia hiyo. Lakini likipita katikati ya msuli mnene, kulipasua ni kuukata msuli wenyewe, na hapo ndipo mtu huanza kushindwa kuzuia hewa au choo chepesi. Kwa mwanamke, upande wa mbele msuli ni mwembamba, kwa hiyo tahadhari huongezeka.

Uzi unaingia hapo. Unapitishwa mlango wa nje, unatokea wa ndani, ncha zake zinafungwa nje kwa kulegea. Kazi yake ni kuzuia tundu lisizibe, usaha utoke, jipu lisirudi, uvimbe utulie. Kisha hufuata hatua ya pili: handaki kufungwa na kukatwa kati ya ile misuli miwili, au mlango wa ndani kuzibwa kwa kipande cha ngozi laini ya ndani. Njia hizi huhifadhi msuli, ila fistula hurudi mara nyingi zaidi. Binafsi naona afadhali kurudi chumba cha upasuaji kuliko kuvaa nepi.

Muulize daktari wako handaki limepita kwenye msuli kiasi gani, na kama kuna haja ya picha ya MRI (kipimo cha sumaku kinachoonyesha nyama za ndani), hasa ikiwa fistula imewahi kurudi. Mwambie pia kama unaharisha muda mrefu, unakonda, unatoka jasho usiku au una matundu zaidi ya moja. Kifua kikuu, ugonjwa wa Crohn (uvimbe wa muda mrefu wa kuta za utumbo) na mara chache saratani huweza kujificha nyuma ya fistula, na kila mmoja una tiba yake.

Ukiwa na uzi, majimaji ya njano au yenye damu kidogo ni ya kawaida. Weka shashi na ukalie maji ya uvuguvugu baada ya choo. Uzi ukikatika, piga simu kliniki, usijaribu kuurudisha. Homa, uvimbe mpya unaouma au mkojo kugoma kutoka, nenda hospitali siku hiyohiyo.