Kivuko cha skuli yetu: jawabu kwa mama wa Wete

Mama mmoja wa Wete, kule Pemba, ameniandikia wiki hii. Wanawe wanavuka njia kuu asubuhi kwenda skuli na jioni kwenda chuo cha Kurani, naye hukaa roho juu mpaka warudi. Ameona picha za kivuko chetu huku Fuoni, Unguja, anauliza tumepita mlango gani. Nimefurahi kuulizwa, maana kivuko kile nakionea fahari na sioni haya kusema.

Njia yetu ilipotiwa lami sote tulishangilia. Vumbi likaisha, daladala zikaongezeka, na mbio nazo zikaongezeka. Mtaro uliachwa wazi, na nafasi iliyobaki pembeni wenye maduka wakaijaza gari na bidhaa, mtoto akawa hana pa kukanyaga ila lami yenyewe. Masika mtaro ukifurika, hata mtu mzima haujui ukingo wake. Hapo hapo mtoto wa jirani yangu, wa darasa la pili, aligongwa na vespa. Alipona, Alhamdulillahi, lakini mpaka leo anachechemea. Nilikwenda ofisi moja kulalamika. Niliwekwa kwenye benchi mpaka adhuhuri, kisha kijana wa umri wa mwanangu akaniambia, "Bi mkubwa, wafunzeni watoto waangalie kulia na kushoto." Maneno yale bado yananichoma.

Watoto wamefunzwa. Gari ya kilomita 50 kwa saa inakata karibu mita 14 kila sekunde. Ya kilomita 30 inakata mita 8 na kidogo. Dereva akishituka, sekunde nzima huweza kupita kabla mguu haujakanyaga breki. Mtoto wa miaka saba atazipimaje mbio hizo? Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linahimiza kikomo cha kilomita 30 pale watu na magari wanapochanganyika. Na kibao peke yake hakimzuii dereva mwenye haraka. Lazima njia yenyewe imlazimishe.

Tukaacha kwenda mmoja mmoja. Tulimwendea sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, pamoja na mwalimu mkuu, ustadhi wa chuo na mzee wetu mmoja anayetembelea kiti cha magurudumu. Barua ikawa moja, ya mtaa mzima. Kabla ya kuiandika tulisimama njiani skuli inapoingia na inapotoka, na mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe, tukahesabu watu na kuweka alama pale wanapovukia hasa. Mama wa Wete, hili ndilo kubwa kuliko yote: omba kivuko pale ambapo watu wanavuka tayari. Zebra ikichorwa mbali, kwa kuwa pamependeza kwenye ramani, hakuna atakayeizungukia na mzigo kichwani.

Tuliomba kivuko cha kuinuliwa, yaani tuta pana lenye mgongo tambarare na zebra juu yake, ili kiti cha magurudumu kipite bila kushuka wala kupanda. Tukaomba mtaro ufunikwe kwa slabu. Tukaomba na taa. Usiku mwanamke mwenye buibui jeusi haonekani kwa mwenye vespa yenye taa hafifu, na jawabu lake ni nguzo ya taa, si kumwambia mwanamke abaki nyumbani. Matuta yanayomwagwa zege usiku na vijana wenye hasira siyaungi mkono, hata nikiijua hasira yao: huangusha watu wa vespa na kumtesa mgonjwa anayekimbizwa hospitali.

Ndani ya barua tuliandika pia habari za Dar es Salaam, ambako shirika la usalama barabarani la Amend limeweka matuta, vivuko na njia za miguu mbele ya skuli, kazi iliyopata tuzo ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI (World Resources Institute) mwaka 2019. Waliotuona wapiga kelele wakaanza kutusikiliza.

Wakati nao una maana yake. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na bajeti hujadiliwa Baraza la Wawakilishi kabla ya hapo. Barua inayofika Juni imeshachelewa. Ipeleke miezi mingi kabla, kisha uifuate, na uifuate tena.

Na sisi wenyewe tusijifanye hatumo. Mwenye duka anayemwaga bidhaa zake njiani, baba anayepanda gari juu ya slabu kwa kuwa "dakika mbili tu", wote hao wanamsukuma mtoto wa mwenzao barabarani. Dhulma ni dhulma hata ikiwa ya dakika mbili. Mimi nimegombana na mwenye duka ninayemheshimu sana kwa ajili ya makreti yake ya soda, na nitagombana naye tena.

Mama, anza kwa sheha wako. Barua ikipokelewa igongwe mhuri na tarehe, ubaki na nakala yako, maana utaulizwa: "Mlileta lini?"