Nilishika daftari la sadaka miaka sita: kanisa kukua na kutajirika hakuthibitishi kwamba linafundisha kweli

Mbukwenyi wakuu.

Mleta mada ameuliza kwa unyoofu, kwa hiyo simjibu kwa mkato. Anasema huduma anayosali ilianza na familia tatu sebuleni kwa mtu. Leo ina ukumbi mkubwa, ina redio na shule, haidaiwi na benki, na waumini wengi waliokuwa wapangaji sasa wana nyumba zao. Anauliza: kama mafundisho yao si ya kweli, Mungu angewafanikisha hivi? Akaongeza hoja ya Gamalieli wa kitabu cha Matendo, kwamba jambo la wanadamu huanguka lenyewe, na la Mungu hakuna awezaye kulizuia.

Swali hilo mimi niliwahi kulijibu "ndiyo", tena madhabahuni, nimeshika kipaza sauti. Kuanzia 2013 hadi 2019 nilikuwa mweka hazina wa huduma moja hapa Dodoma mjini. Sitaitaja, maana ndani yake wamo watu ninaowapenda hadi leo.

Tulianza chini ya turubai. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba na wa nane mnaujua: mhubiri anahubiri, vijana wanne wameshikilia nguzo, vumbi limejaa kwenye Biblia. Tulikuwa watu arobaini na kitu. Jumapili nyingi sadaka haikutosha mafuta ya jenereta na nauli ya mpiga kinanda. Kufikia 2018 tulikuwa na ibada mbili na ukumbi wa kudumu, na sadaka tulikuwa tukiihesabu watu wanne mezani hadi saa tisa alasiri. Kila robo mwaka nilisimama kusoma mapato, na nikimaliza mchungaji alikuwa akisema kwamba hizo namba ni muhuri wa Mungu juu ya fundisho letu. Watu walishangilia. Nami nilishangilia, kwa moyo wote.

Daftari lenyewe ndilo lililonikwamisha. Mwanzoni mwa 2019 niliombwa kuandaa taarifa ya miaka mitano kwa ajili ya sherehe. Nikaona niipangilie vizuri: upande mmoja mapato ya kila mwezi, upande wa pili mifungo na mikesha yetu, ili watu waone maombi gani yalizaa nini. Nikakuta mikesha ilikuwepo tangu mwanzo, tena ya turubai ndiyo ilikuwa mirefu zaidi, na mapato ya miaka ile yamelala tu. Yalianza kuamka nusu ya pili ya 2016. Yakapanda 2017. Yakaruka 2018.

Mkazi yeyote wa Dodoma ameshaelewa. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia huku. Mwaka 2017 CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikavunjwa na masuala ya viwanja yakaenda manispaa. Aprili 2018 tukawa Jiji, na kabla mwaka haujaisha ujenzi wa Mji wa Serikali ukaanza kule Mtumba. Sensa ya 2012 ilitukuta watu kama 410,000. Ya 2022 ikatukuta zaidi ya 765,000. Watumishi wa wizara walikuja kutoka Dar es Salaam, wengi wameacha familia, wana mshahara wa uhakika na Jumapili hawajui waende wapi. Sisi tulikuwa karibu na kituo cha daladala, tuna kwaya nzuri, na akina mama wetu walikuwa na utaratibu wa kumpa kila mgeni chai na chapati baada ya ibada. Chai ile naikumbuka kwa heshima kubwa. Wageni wengi walirudi kwa sababu mtu aliwauliza majina yao.

Ukumbi nao una historia yake. Mwaka 2014 kamati ilinunua ekari mbili kwa mzee aliyekuwa akilima uwele, pembezoni mwa mji, mahali ambapo usiku mlikuwa mnasikia fisi. Baadaye tukauza ekari moja, na pesa yake ndiyo iliyopiga bati na sakafu. Tukaiita ekari ya muujiza, na ushuhuda wake ulirudiwa kila mgeni alipokuja. Lakini jirani tuliyepakana naye upande mmoja alikuwa mzee wa Kirangi, Mwislamu, na upande wa pili mama mmoja mpika pombe ya kienyeji. Wote wawili waliuza kwa bei ileile, msimu uleule. Mama yule akajenga vyumba sita vya kupangisha. Sikusikia mtu akisema mbingu zimeithibitisha pombe yake.

Nikarudi kwenye daftari la shuhuda, maana nilikuwa naziandika pia. Nilisoma usiku mzima. Nyingi zilihusu moja ya mambo matatu: kiwanja, tenda au mpangaji. Kanisa lolote la Dodoma miaka ile, na msikiti wowote, ungekusanya shuhuda za aina hiyo kama ungeweka kipaza sauti.

Nisieleweke vibaya, sisemi imani haikufanya kazi. Niliwaona wanaume walioacha pombe wakaanza kulipa ada za watoto. Niliwaona wanawake wa kikoba chetu wakikopeshana bila maandishi kwa sababu walikuwa wanaaminiana. Mtu akiacha ulevi, akaamka mapema na akawa na watu mia wa kumshika mkono akifiwa, mara nyingi maisha yake hunyooka. Hilo ni zuri na ni la kweli. Ila nyuma ya mtaa wetu akina mama Wakatoliki wa jumuiya walikuwa wakifanya hivyohivyo, na Waislamu kwenye vikundi vyao vya kuzikana walikuwa wakifanya hivyohivyo, na fundisho lao silo letu. Kinachothibitishwa hapo ni kwamba kuaminiana na kujizuia kunafaa. Swali la mleta mada ni jingine: je, nabii wetu alisikia kweli sauti aliyosema ameisikia?

Na hapa ndipo panaponiuma.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mkulima wa zabibu. Alikuwa nasi tangu enzi za turubai, na vijana walipochoka alikuwa anashika nguzo mwenyewe. Aliahidi mchango wa ujenzi akitegemea mavuno. Msimu ule wanunuzi wa mchuzi wa zabibu, ule wa kutengenezea mvinyo, walichukua kidogo, zabibu zikamwozea shambani. Katika miezi hiyohiyo mwanawe wa mwisho akaugua na kufariki. Alipokuja kuomba aongezewe muda wa ahadi, aliambiwa achunguze nyumba yake, kuna mlango ameuacha wazi. Kwa kuwa tulishasema kushiba ni muhuri wa Mungu, njaa yake ilibidi nayo iwe na tafsiri. Hakuna aliyemchukia. Fundisho lilitulazimisha tu. Mimi ndiye niliyepiga mstari kwenye jina lake katika orodha ya ahadi na kuandika pembeni "hajatimiza". Hakurudi tena, na miezi minne ilipita kabla sijajiuliza yuko wapi.

Mama yangu mzazi ni wa Kondoa, na ndugu zake ni Waislamu. Nilimweleza mjomba jambo hili nikiwa likizo, tumekaa barazani. Hakunisema wala hakutaka kunisilimisha. Alisema, "Mjomba, kasome Suratul Fajr." Kisha akanieleza mwenyewe: mtu akijaribiwa kwa neema husema Mola wangu amenitukuza, akibaniwa riziki husema Mola wangu amenidunisha, na jibu linalofuata ni kwamba sivyo, bali ninyi hamumkirimu yatima wala hamhimizani kumlisha masikini. Nikanyamaza. Akaendelea kuhusu vita vya Badr na Uhud: mwaka wa pili wa Hijra Waislamu walishinda, mwaka wa tatu wakapigwa na Mtume mwenyewe akajeruhiwa. "Kama ushindi ndiyo dalili ya haki," akasema, "basi dini ilikuwa ya haki Badr na ya uongo Uhud?"

Sasa nirudi kwa Gamalieli, kwa sababu ndiye ngome ya hoja hii na sisi pia tulimtumia sana. Someni Matendo sura ya 5 taratibu. Yule alikuwa mjumbe wa baraza akiwazuia wenzake wasiwaue mitume. Alitoa mifano miwili ya watu waliokusanya wafuasi wakaishia kusambaratika, Theuda na Yuda Mgalilaya, akashauri waachwe. Ni ushauri mzuri wa kuzuia damu isimwagike. Hakusema kwamba kila kilichodumu kimetoka kwa Mungu, wala sura ile haisemi kwamba yeye mwenyewe alijiunga nao.

Historia nayo haikubali tuigeuze kanuni. Karne ya 3 huko Uajemi alitokea Mani, akafa akiwa gerezani. Dini yake ilifika Afrika Kaskazini upande wa magharibi na China upande wa mashariki. Augustino mwenyewe aliifuata kwa miaka kama tisa kabla hajawa Mkristo. Ilidumu zaidi ya miaka elfu moja, kisha ikaisha kabisa. Kwa kipimo cha mleta mada, ilikuwa ya kweli kwa miaka elfu halafu ikawa ya uongo? Au tazameni Wamormoni. Walianza rasmi Marekani mwaka 1830 wakiwa watu sita, leo wanazidi milioni 17, wana mahekalu na mali nyingi. Ndugu yangu, kanisa lako la familia tatu halijawafikia hata kidogo. Utahamia kwao? Kama hutahamia, basi wewe mwenyewe huamini kwamba ukuaji ni ushahidi. Unauamini pale tu unapokua wewe.

Hapa kwetu kuna mfano unaoniingia zaidi. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya kuzuia risasi za Wajerumani. Makabila ambayo hayakuwa yakielewana yaliungana. Wajerumani walimnyonga Agosti mwaka uleule, na bado vita vikaenea kusini kote hadi 1907. Sina dharau kwa wazee wale, walikuwa na sababu zote za kupigana, na umoja wao tunauenzi. Lakini habari ya maji ilisambaa kuliko mahubiri mengi yaliyowahi kusambaa katika nchi hii, na maji hayakuzuia risasi. Kusambaa na kuwa kweli ni mambo mawili. Mwaka 2011 tuliona tena jinsi watu wanavyoweza kukusanyika haraka: kikombe cha dawa cha Samunge, Loliondo, foleni za magari kilomita kwa kilomita, wakubwa kwa wadogo. Wingi ule haukuwa kipimo cha dawa.

Na kipimo hiki kinakata upande wa pili pia. Wamisionari Waanglikana wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, na kwa miaka mingi Wagogo waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika. Mgogo wa zama zile angetumia hoja yenu angesema Injili ni uongo, maana haina watu wala ng'ombe. Na msalabani siku ya Ijumaa kulikuwa na mafanikio gani?

Mtu mmoja juu hapo ameandika "mtawatambua kwa matunda yao". Sawa, ni Mathayo 7. Shuka mistari michache tu: kuna watu wanaokuja na unabii, pepo waliotolewa na miujiza mingi, na wanaambiwa hawakujulikana kamwe. Kwa hiyo matunda hayawezi kuwa majengo, na hata miujiza haitoshi.

Mleta mada, sikuambii uhame. Inawezekana fundisho lenu ni la kweli, na siwezi kulipima kwa kuangalia paa lenu. Lipime kwa kile linachodai. Nabii wenu akitaja jambo litakalotokea, liandike na tarehe, ulirudie. Omba kuona hesabu, uone kama swali lako linapokelewa au linaitwa uasi. Halafu waulize wazee ni nani mliyeanza naye sebuleni ambaye hayupo tena, umtafute nyumbani kwake umsikilize. Mimi nilijifunza zaidi hapo kuliko kwenye daftari lote.

Taarifa ya sherehe niliiandika kama nilivyoikuta, safu mbili, mapato na matukio ya mji. Haikusomwa. Nilikabidhi daftari, funguo na muhuri bila ugomvi, na mchungaji akaniombea. Siku hizi nasali kanisa la marehemu baba kule Mvumi ninapokwenda, na msimu wa kulima tunakuwa watu thelathini au pungufu.

Yule mama nilimpata Januari 2020. Nilikwenda na maneno mengi ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima. Alikuwa shambani anafunga matawi ya mizabibu kwenye waya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Nimekusikia, mwanangu." Kisha akaniuliza kama mjini mvua imenyesha, akanipa kamba nimshikie upande wa pili.