Lita moja ya petroli inatoaje zaidi ya kilo mbili za hewa ukaa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu wa darasa la sita amepewa kazi ya kuchora hewa chafu inayotoka kwenye usafiri wa nyumbani. Amechora IST yetu ikitoa wingu jeusi, nami nikamkatalia, maana gari ni zima, halitoi moshi kabisa. Natoka Mbezi hadi Posta na kurudi, lita 5 hivi kwa siku. Tena nimesoma mahali kwamba lita moja ya petroli inatoa zaidi ya kilo 2 za hewa ukaa. Lita yenyewe haifiki kilo! Hizo kilo mbili zinatoka wapi? – Mzazi, Mbezi

JIBU: Marahaba, mzazi. Wingu jeusi umelikataa kwa haki, ila sababu yako siyo. Moshi mweusi ni masizi, yaani kaboni ambayo haikuungua ikaisha. Hewa ukaa haina rangi wala harufu. Gari likiwa zima, mafuta yanaungua vizuri na karibu kaboni yote inatoka ikiwa hewa ukaa. Kwa hiyo fundi mzuri anakuondolea masizi, lakini hewa ukaa anakupunguzia tu kwa kadiri anavyokupunguzia mafuta.

Swali la kilo mbili wanafunzi wangu wa kemia walikuwa wakiniuliza kila mwaka, na nalipenda kwa sababu anayeliuliza amefikiri. Lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Humo, gramu kama 630 ni kaboni, inayobaki karibu yote ni haidrojeni. Ndani ya injini kila chembe ya kaboni inashikana na chembe mbili za oksijeni, na oksijeni hiyo haikutoka kwenye tangi lako, imevutwa kutoka hewani kupitia kile kichujio cha hewa ambacho fundi hukipuliza vumbi. Kaboni ina uzito wa 12, oksijeni mbili zina 32. Maana yake kila gramu 12 za kaboni zinabeba gramu 32 za oksijeni. Piga hesabu: gramu 630 za kaboni zinageuka kilo 2.3 za hewa ukaa. Haidrojeni nayo inageuka maji, karibu lita nzima kwa kila lita ya petroli. Asubuhi, gari likiwaka likiwa bado baridi, mwite binti aangalie mdomo wa ekzosi: matone yanayodondoka ni hayo maji. Mvuke umeganda ukaonekana, na hewa ukaa inapita papo hapo bila kuonekana.

Sasa mchoro. Lita 5 zako ni kilo 11.5 kwa siku. Siku tano za kazi ni kilo 57, zaidi ya mfuko mmoja wa saruji, na wewe hujabeba wala kushusha chochote. Mtoto anaweza kuchora mfuko ukiwa juu ya gari kila Ijumaa. Lakini mimi ningemwambia apime ujazo, kwa sababu hewa ni kitu cha kujaa mahali. Kwa joto letu la Dar, kilo 2.3 za hewa ukaa zinajaza lita 1,300 hivi, yaani sanduku lenye mita moja na ushee kila upande. Lita moja tu ya petroli! Mpe chaki, achore sanduku hilo ukutani kwa kipimo chake halisi, asimame kando yake. Halafu mpeleke kwenye chumba cha futi 10 kwa 10 chenye dari ya mita tatu. Ukiondoka Jumatatu, Ijumaa kabla hujafika nyumbani chumba kimejaa, sakafu hadi dari.

Asihesabu kilomita. Ahesabu lita, azichukue kwenye risiti za sheli, kwa sababu foleni haionekani kwenye kilomita. Injini ndogo iliyosimama huku inanguruma inakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na AC inaongeza.

Ombi moja, na nalisema kwa uzito: mtu asifunge puto wala mfuko kwenye ekzosi ili "kukamata" hewa, na gari lisiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa. Humo kuna kaboni monoksaidi, inaua bila harufu. Akitaka kuiona hewa ukaa, koroga chokaa kidogo kwenye maji, acha itulie, mimina maji maangavu ya juu kwenye glasi, apulize taratibu kwa mrija, asivute. Macho yawe mbali, nawe uwe karibu. Maji yataanza kuwa meupe. Pumzi yake ina hewa ileile.

Na nikwambie ninachokiona mimi nikiwa kituoni: magari mengi, kila moja na mtu mmoja. Tuseme basi refu la mwendokasi linakula lita 60 za dizeli kwa kilomita 100. Kwa safari kama yako ya kwenda na kurudi, tuseme kilomita 45, ni lita 27, na dizeli inatoa kilo 2.7 kwa lita, jumla kilo 73. Wagawie abiria 100: haifiki kilo moja kwa mtu. Nawaelewa wanaoogopa msongamano wa jioni, lakini hata jirani mmoja ndani ya IST yako anakata kilo zako nusu.

SWALI: Mwalimu, nimefunga mfumo wa gesi kwenye bajaji yangu. Bado nachafua? – Dereva, Ubungo

JIBU: Bado unachafua, ila ni chini kidogo ya sehemu nne kati ya tano za ulivyokuwa unachafua. Kilo moja ya gesi asilia inatoa kilo 2.7 za hewa ukaa, lakini inakupeleka mbali kama lita moja na nusu ya petroli, ambayo ingetoa kilo 3.45. Faida hiyo inaliwa na uvujaji: gesi isiyoungua ni methani, na kwa kipimo cha miaka 100 inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Ukisikia harufu, peleka kwa fundi siku hiyohiyo, usisubiri sevisi.